Malaika Hakuhubiri

Andiko: 1 Wafalme 19:1-18

Jumapili ya juzi tuliwaita mbele vijana wetu watatu wanaoenda kuanza masomo ya uuguzi. Tuliwawekea mikono, mama zao wakalia kidogo, tukapiga makofi, wakarudi viti vyao. Mlioketi upande wa kinanda mliona nilinyamaza kabla ya kuomba. Baadaye mzee mmoja akaniuliza kama nilikuwa nimesahau majina. Sikusahau. Nilimkumbuka mwanafunzi mwingine wa uuguzi tuliyemwombea hapo hapo, miaka michache iliyopita, na jinsi nilivyomwangusha. Ndiyo sababu nilimwomba Mchungaji wetu anipe mimbari wiki hii. Mliokuwa hamjafika kwa sababu ya mvua, haya ndiyo niliyosema, pamoja na machache niliyosahau.

Eliya wa sura ya 18 tunamjua sana, na huyo ndiye tunapenda kumhubiri. Moto umeshuka Karmeli, manabii wa Baali wameaibika, mvua imenyesha, na mtumishi wa Mungu anakimbia mbele ya gari la Ahabu. Ukigeuza ukurasa mmoja tu unakuta mtu mwingine kabisa. Yezebeli ametuma ujumbe mmoja wa vitisho, na Eliya ameshika njia. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake hapo, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima. Anaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu amtoe roho. Amechoka.

Tafadhali simama hapo kwa yule mtumishi aliyeachwa. Nimesoma sura hii tangu nikiwa kijana wa kwaya na sikuwahi kumwona. Mtu aliyelemewa mara nyingi huanza kwa kuwaacha watu. Hapigi simu tena, hachangii kwa kikundi, anaondoka ibadani kabla ya baraka. Sisi tunasema amerudi nyuma. Pengine ameingia jangwani na hataki mtu amwone huko.

Sasa Mungu anafanya nini? Kama Eliya angekuwa mshirika wetu, haki tungemwekea kesha. Tungemwambia ana roho ya kukata tamaa na tungeanza kuikemea. Mungu anamtuma malaika, na malaika anamgusa na kumwambia aamke ale. Kuna mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anakunywa, na halafu analala tena! Malaika hamlaumu. Anarudi mara ya pili, anamgusa tena, anampa chakula tena, na anamwambia kitu kimoja tu cha ziada, kwamba safari iliyo mbele ni kubwa kuliko nguvu zake. Hakumwambia kwamba yeye ndiye mdogo. Alikubali kwamba safari ni ndefu. Hakuna neno lingine. Swali la Mungu, lile la kumuuliza Eliya anafanya nini pale, linakuja baada ya mkate, usingizi, mkate tena, na siku arobaini za kutembea.

Shikilia hapo, nikurudishe 2020.

Tumeanza kusahau, na sishangai, kwa sababu hakuna anayependa kukumbuka. Tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya. Jumapili iliyofuata Rais akaagiza shule na vyuo vifungwe. Kabla mwezi haujaisha kukawa na kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Matatu ya abiria kumi na wanne ikabeba wanane na nauli ikapanda. Sisi hapa tukafunga milango, na tulipofunguliwa Julai ilikuwa ni watu mia moja tu, ibada ya saa moja, na wazee wetu waliopita miaka 58 wakaambiwa wabaki nyumbani. Na fikiria, huo ndio mwaka ambao Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeutangaza kuwa mwaka wa wauguzi na wakunga, kwa kuwa ilikuwa imetimia miaka 200 tangu Florence Nightingale azaliwe. Sherehe ilifika ikakuta msiba.

Tuliwaombea wauguzi. Tuliwaombea madaktari, hasa Julai ile tulipompoteza Dkt. Doreen Lugaliki akiwa na miaka 39 tu, daktari wa kwanza nchini kufa kwa ugonjwa huo. Wanafunzi hatukuwafikiria sana. Tuliwaona kama watoto wa shule ambao wako likizo ndefu. Lakini mwanafunzi wa uuguzi alikuwa katikati ya mlango, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Hana mshahara wala marupurupu, lakini virusi havimuulizi kama ameajiriwa. Na akibaki nyumbani pia hana amani, kwa sababu uuguzi hausomwi kwa simu pekee. Kuna taratibu lazima uzifanye wodini, mwalimu akikuona, kitabu kisainiwe, ndipo ukubaliwe kufanya mtihani wa Baraza la Wauguzi. Wodi zikifungwa, kitabu kinabaki na nafasi tupu. Zikifunguliwa, unaogopa kuingia. Kisha Desemba 2020 wauguzi wakagoma, na madai yao tuliyajua sote: vifaa vya kujikinga, bima, kuongeza wafanyakazi. Mwanafunzi aliyekuwa anawategemea wamfundishe akabaki akishika kitabu chake.

Yule ninayemzungumzia alikuwa mwaka wa pili korona ilipoingia. Amenipa ruhusa nisimulie, mradi nisimtaje jina. Alikuwa anaimba sauti ya pili kwa timu ya sifa, mcheshi, mtu wa kuchelewa kidogo mazoezini. Alilelewa na nyanya yake, shosho mwenye sukari na presha. Chuo kilipofungwa alirudi nyumbani, akawa anafuata masomo kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Bando ikiisha, somo limeisha. Vyuo vilipoanza kufungua kwa awamu akarudishwa wodini.

Mwezi wa tatu 2021 mambo yalikuwa mabaya tena. Mnakumbuka ile Ijumaa ya tarehe 26, kaunti tano zilipofungwa, yetu ikiwemo, na ibada zikasimamishwa siku chache kabla ya Pasaka. Jumatano ya wiki iliyofuata, saa kumi alfajiri, alinitumia ujumbe. Aliandika kwamba mgonjwa wake amekufa akiwa amemshika mkono, kwamba hajui kama ataweza kuendelea, na kwamba anaogopa kurudi nyumbani asije akamuua shosho. Mistari mitatu.

Nilipoamka nikamjibu. Nilirekodi sauti ya dakika saba. Nikampa lile neno la Paulo kwa Timotheo kuhusu roho ya woga, nikampa Zaburi ya 91, nikamwambia asiikiri hofu kwa kinywa chake kwa sababu kinywa kinaumba. Nikamalizia kwa kunena kwa lugha. Akajibu, "Amina Pasta." Maneno mawili. Mimi nikafurahi. Tena nina digrii ya biashara, napenda rekodi, kwa hivyo kwenye ripoti ya idara ya vijana ya mwezi huo niliandika: ushauri wa kiroho, mtu mmoja.

Baada ya wiki mbili alitoka kwa kikundi cha WhatsApp cha timu ya sifa. Kanisa lilipofunguliwa hakurudi. Nikasema amepoa.

Mwaka jana tulikutana kwenye stendi ya matatu. Ni muuguzi sasa, ameajiriwa, anaabudu kanisa lingine. Tulikunywa chai pale kwa kibanda na nikamuuliza ilikuwaje. Alinisimulia vitu ambavyo ningevijua kwa swali moja tu. Wodi yake haikuwa ya korona, ilikuwa wodi ya kawaida ya wanaume, na ndiyo sababu ilimtisha zaidi, kwa sababu hakuna aliyejua nani anayo. Maski alikuwa anapewa moja, inatumika mpaka ilegee. Akitoka kazini alifulia yunifomu nje ya ploti gizani, na jirani mmoja akawa anawaita watoto wake ndani kila akimwona. Alilala kwenye sakafu ya jikoni ili awe mbali na shosho, na kwa sababu ya baridi hakulala. Nauli ilikuwa imemaliza pesa ya chakula cha mchana, kwa hivyo alikuwa anakunywa maji ya bomba la hospitali na kusema amefunga. Mwenzake mmoja alimsifu kwa kufunga.

"Na ile sauti niliyokutumia?" nikauliza.

Akacheka. "Pasta, bado iko kwa simu. Sikuimaliza. Ilikula bando."

Nilitaka kucheka pia, ikashindikana. Kisha akasema jambo ambalo limenikaa mpaka leo: "Wewe ulinijibu kama mtu ambaye anaogopa pia." Na ni kweli, wapendwa. Sadaka ilikuwa imeshuka, kodi ya jengo ilikuwa imechelewa, binamu yangu alikuwa kwenye oksijeni, na mimi nilikuwa kijana mpya kwenye huduma ambaye hakutaka mtu ajue kuwa usiku hapati usingizi. Nilimhubiria kwa sababu kuhubiri kulikuwa rahisi kuliko kumuuliza na kusikia jibu ambalo singekuwa na la kufanya.

Niwape hesabu kidogo, mnivumilie. Kwenye biashara kuna maduka yanayofungwa yakiwa na mali. Rafu zimejaa, wateja wapo, hata deni la benki si kubwa, lakini pesa ya mkononi imeisha. Hakuna ya kumlipa mwenye maziwa leo asubuhi. Mhasibu akikuangalia kwa vitabu anasema una faida, na bado kesho unafunga. Msichana yule alikuwa na imani. Imani ilikuwa imejaa rafu. Kilichokuwa kimeisha ni usingizi, chakula, nauli, na mtu wa kumsikiliza. Mimi nikaenda kumwongezea mali kwenye rafu.

Sasa mtu asitoke hapa akisema Pasta ameponda maombi. Siwezi. Waliochunguza jinsi watu wanavyokabili shida wanajua kwamba maombi husaidia wengi, na wauguzi na wanafunzi wao wamo. Lakini yuko mwanasaikolojia wa Marekani anayeitwa Kenneth Pargament, ambaye ametumia miaka mingi kuangalia hasa jinsi watu wa dini wanavyotumia dini yao wakati wa dhiki, na ametofautisha njia mbili. Kuna anayemkimbilia Mungu kama rafiki, anaomba, anatafuta msaada kwa waumini wenzake, na moyo unapata pa kushika. Na kuna anayeamini kwamba Mungu anamwadhibu au amemwacha, au kwamba kanisa limemkataa. Huyo wa pili anaomba pia, tena sana, lakini kila ombi linamwongezea mzigo. Niliposoma hayo nikajiuliza, nilipomwambia yule dada asiikiri hofu yake, nilimsukuma upande gani? Alikuwa na hofu tayari. Mimi nikamwongezea dhambi ya kuwa na hofu.

Na kuna lile la maski. Wapo wahubiri waliosema barakoa ni ukosefu wa imani, kwamba damu ya Yesu inatosha. Mimi sikusema hivyo mimbarini. Lakini washirika wetu wawili walisema hivyo mbele yangu na sikuwakataza, kwa sababu mmoja wao ni mtoaji mkubwa. Mwanafunzi huyu alikuwa ameketi hapo na kitambaa chake usoni. Wodini mwalimu anamwambia akivua ataua mtu. Kanisani anaangaliwa kama asiyeamini. Ni nani angebeba mabwana wawili hao kwa siku saba za wiki?

Nilimuuliza alivukaje. Nilitegemea aniambie juu ya mahubiri ya mtu mwingine. Akaniambia juu ya chumba. Wanafunzi watatu walikodi chumba kimoja karibu na hospitali, nusu kwa pesa za mkopo, nusu kwa kukopa, ili wasiende na ugonjwa makwao. Wakajiwekea sheria. Anayetoka zamu haulizwi chochote kabla hajaoga na kula. Akishakula, anasema jambo moja baya la siku hiyo, moja tu, na wengine hawamjibu kwa ushauri. Halafu analala. Jioni ndiyo wanaomba, kwa ufupi, mmoja wao akiwa Mwadventista na mwingine Mkatoliki. Alisema siku nyingi chakula kilikuwa ugali na sukuma iliyogawanywa mara tatu. Na kulikuwa na sista mkuu wa wodi, mama mtu mzima, aliyemkuta akilia kwenye chumba cha kuwekea shuka. Hakumwambia ajikaze. Alifunga mlango, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akamwambia kwamba yeye pia anaogopa kila asubuhi, na miaka aliyofanya kazi ni mingi. Kisha akamtuma akanywe chai na akamwambia arudi baada ya nusu saa.

Huyo sista sijui anaabudu wapi. Lakini nimesoma sura ya 19 na ninajua alikuwa anafanya kazi ya nani.

Rudi kwenye andiko, kwa sababu Mungu hakuishia kwa mkate. Kule Horebu Eliya analalamika kwamba amebaki peke yake. Anasema hivyo mara mbili. Mungu anamjibu kwa watu: kuna elfu saba Israeli ambao hawajampigia Baali magoti, na kuna mtu anaitwa Elisha, nenda ukamtafute. Aliyemwacha mtumishi wake Beer-sheba anarudishiwa mwenzake wa kutembea naye. Na lile ombi la kufa, angalia, Mungu hakulijibu kamwe. Wala hakumkaripia kwa kuliomba. Mkisoma 2 Wafalme 2 mtaona jinsi Eliya alivyoondoka duniani, na kaburi halimo.

Hapo niseme wazi, maana wazazi mko hapa. Mtoto akikwambia hataki kuishi, usimwambie aache mchezo. Usimwache peke yake usiku huo. Mwombee, na kesho yake mpeleke hospitali aonwe na mshauri au daktari wa magonjwa ya akili, vile ungempeleka akiwa na malaria. Kumpeleka hakumaanishi Mungu ameshindwa. Mkate wa Eliya uliokwa juu ya makaa, na makaa ni kitu cha kawaida sana.

Kwenu nyinyi watatu mnaoenda. Korona imepungua, lakini wodi ni ile ile. Mtaona mtu wenu wa kwanza akifa, pengine mwaka huu, na hakuna somo la darasani litakalowatayarisha kabisa. Mtaogopa mwalimu, mtaogopa sindano ya kwanza, mtapewa kazi nyingi kuliko masaa. Mkihisi mnazama, msituandikie mistari mizuri ya kutupendeza. Msituandikie "Amina Pasta." Andikeni kwamba hamjala. Na mkimwona mwenzenu ameanza kuwaacha watu, mfuateni jangwani na kitu cha kula mkononi.

Na sisi tunaobaki. Wazee wamekubali pendekezo nililowapelekea, baada ya maswali mengi kuhusu pesa, na walikuwa na haki ya kuuliza. Kila mmoja wa hawa vijana atapewa watu wazima wawili wa kanisa hili. Kazi yao haitakuwa kuhubiri. Watapiga simu mara moja kwa wiki na kuuliza maswali mawili: umekula nini jana, na umelala masaa mangapi. Wakisikia jibu baya, wanatuma kitu kwa M-Pesa kwanza, hata kama ni mia mbili, ndipo waombe naye. Mfuko mdogo wa nauli na bando umefunguliwa, mweka hazina ataeleza. Na kwa kuwa hospitali ya hapa mtaani ina wanafunzi wa vyuo vingine ambao hatuwajui na ambao makwao ni mbali, kina mama wa jikoni wamejitolea chupa za chai na mandazi kwa wanaotoka zamu ya usiku, tukikubaliana na uongozi wa hospitali. Hatutabeba vipeperushi vya kanisa. Niliulizwa hilo mara tatu, na jibu ni hapana.

Yule dada nilimwomba msamaha pale kibandani. Alinisamehe kabla sijamaliza, kisha akaangalia saa kwa sababu alikuwa anaingia kazini. Nilimlipia chai. Alikataa nimlipie chapati, akasema hiyo anunuliwe mwanafunzi.

Karatasi ya kujiandikisha iko kwenye meza ya wakaribishaji, karibu na mlango. Kufikia Jumatano jioni, Jumatatu na Ijumaa zilikuwa zimejaa, na mama wa mmoja wa wale vijana watatu ameandika jina lake mara mbili. Alfajiri ya Alhamisi bado haina mtu.